Risasi Ndogo na Kulungu wa Jumamosi

Jumapili jioni, Wembley. Manyunyu tangu asubuhi, yale ya Novemba ambayo huwezi kuyaita mvua wala ukungu. Wageni wameondoka, masufuria yameoshwa, nyumba nzima inanukia pilau na udi. Kwa jumla nimetulia. Ila kuna kitu kimenikaa kooni na nimeona nikiandike hapa kabla sijakizoea.

Leo nimesifiwa mbele za watu kwa jambo ambalo sikulifanya.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni mjane, nesi mstaafu, mtu wa Unguja. Baba alituleta huku nikiwa binti mdogo, miaka ile baada ya Mapinduzi. Na ninawinda. Najua, najua. Mwanamke wa Kizanzibari, baibui limetundikwa nyuma ya mlango na bunduki imefungiwa kwenye kabati la chuma. Mtaani kwetu wameshanicheka wakachoka, sasa wananiulizia nyama.

Ninapowindia ni nje ya London, upande wa Essex, kwa mkulima mmoja ninayemwita Mzee Peter. Mitofaa yake inaliwa na wanyama wa aina mbili. Wapo wadogo, kimo cha mbwa wa kawaida, Waingereza wanawaita muntjac. Mimi nawaita paa, maana ukimwona anavyochungulia kichakani utasema umemwacha nyumbani jana. Hao ndio nilioruhusiwa kuwapiga. Halafu wapo kulungu wakubwa, madume yao yana pembe pana kama viganja vilivyokunjuliwa. Hao anawapiga mwanawe Mzee Peter kwa bunduki yake nzito.

Yangu mimi ni ya risasi ndogo. Sikuichagua kwa mapenzi. Niliteleza kwenye barafu nikielekea stesheni, bega likavunjika, na daktari akaniambia bega hili lisipigwe tena. Bunduki kubwa inarudisha teke kama punda. Hii ndogo inalia tu, bega halina habari.

Sasa kwenye klabu yetu ya shabaha kuna ubishi usiokwisha juu ya risasi kama zangu. Wako wanaosema ukimlenga mnyama mahali penyewe, hata risasi ndogo inamlaza, tena papo hapo. Wako wanaosema mahali penyewe pako kwenye karatasi ya shabaha tu, msituni mnyama anageuka, upepo unavuma, moyo wako unadunda, na risasi nyepesi ikikutana na mfupa wa bega la kulungu mkubwa inavunjikavunjika kabla haijafika ndani. Mnyama anakimbia na jeraha, anakwenda kufia asikojulikana. Sheria ya England imeshaamua: kwa paa wadogo ruhusa, kwa kulungu wakubwa hapana. Na mimi siku zote niko upande wa sheria. Nimewahi kumkoromea mwanamume mzima pale klabuni kwa ajili ya jambo hili, chai yake ikapoa.

Lishikeni hilo. Nilimkoromea.

Tuje kwa shemeji yangu Khamis, mdogo wake marehemu mume wangu. Anakaa Stratford, anauza simu, na mdomo wake hauna breki. Binti yangu Rahma anaposwa. Kijana ni mtoto wa Bwana Yusuf, Mhindi wa Mwanza mwenye duka Tooting, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha watoto wetu wote. Ikapangwa waje leo kuleta posa rasmi. Mimi nilitaka pilau, kachumbari na heshima, basi. Khamis akampigia simu Bwana Yusuf bila kuniuliza: njooni, shemeji yangu atawapigia kulungu, mtakula mishkaki mliyokuwa mkiisikia tu.

Ati atawapigia kulungu! Kama ninayemfuga uani.

Nikawaka. Nikamwambia yake yote kwenye simu. Lakini neno lilishafika Tooting, na Bwana Yusuf alishawaambia ndugu zake. Rahma naye akanijia jikoni na uso ule wa utotoni, akasema kwa Kiingereza chake, Mum, they're really looking forward to it. Mtoto anakwenda kuwa mke wa watu, siku ya kwanza tu nyumba ya mama yake ionekane ina maneno matupu? Nikasema haya, paa mmoja atatosha mishkaki. Khamis akasema na yeye anakuja.

Jana mchana basi tukaenda. Kuna ngazi imeegemezwa kwenye mti pembeni ya shamba, juu ina kiti cha watu wawili wembamba. Mimi na Khamis si wembamba. Tukabanana pale, utani ukaanza. Shemeji, hii ndiyo bunduki? Hii si ya kuulia mende? Mbona risasi zake kama kalamu za watoto wa nasari? Namwambia nyamaza, wanyama wana masikio. Ananyamaza, halafu anaanza tena kwa kunong'ona. Kwetu shemeji ana haki ya kukutania mpaka kaburini, huna pa kumshitaki.

Paa hawakuja. Tulikaa hata vidole vikafa ganzi. Mwanga ukaanza kupungua, na ukishapungua sheria inataka ushuke. Mimi nikawa nawaona wageni wangu wameketi, sahani zinapita, na mtu mmoja anauliza kwa upole, huyo kulungu yuko wapi?

Ndipo akatoka.

Si paa. Dume la kulungu, kubwa, limenona kwa matofaa ya Mzee Peter. Akatoka taratibu hadi katikati ya uwazi, akasimama ubavu, nyuma yake kilima cha udongo cha kupokea risasi. Alikuwa karibu kama kutoka mlangoni kwangu hadi kituo cha basi. Sijawahi kumwona mnyama aliyesimama vizuri vile. Khamis kimya kabisa, nadhani kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Nikainua bunduki.

Nilijiambia namtazama tu kwa darubini. Kisha nikajiambia yuko karibu, na karibu hata risasi ndogo inatosha. Nikajiambia nitapitisha nyuma ya bega, mfupa sitaugusa. Maneno yote ya yule mwanamume niliyemkoromea klabuni nikayasema mimi, moja baada ya moja, tena nikayaona yana akili. Mzee Peter hayupo. Mwanawe hayupo. Nani atajua? Kizuizi cha bunduki nilishakifungua. Kidole kiko kwenye triga na pumzi nimeshaitoa nusu.

"BISMILLAHI ALLAHU AKBAR!"

Mtume! Nilikaribia kuanguka kutoka kwenye kile kiti. Ni Khamis, sikioni mwangu, kwa sauti ya mtu anayechinja ng'ombe wa harusi.

Kulungu hakungoja kuambiwa mara mbili. Nikaona mkia mweupe, kisha majani yanatikisika, kisha hakuna kitu.

Nifafanue, maana watoto wetu wa huku hawajui. Nyumbani kwao, Unguja, Khamis ndiye aliyekuwa mchinjaji. Kuku wa Idi, mbuzi wa akika, wanawake wanashika, Khamis anapiga bismillah waziwazi kila mtu asikie, ndipo nyama iwe na amani. Kwenye kuwinda ni tofauti: anayefyatua ndiye anayetaja jina la Mungu, naye anaweza kulitaja chini ya pumzi, mnyama asishituke. Mimi hufanya hivyo siku zote. Sikufikiria kumweleza. Yeye aliona kidole changu kinakaza, akaona hakusikia kitu, akadhani shemeji kasahau na nyama itakuwa haramu mbele ya wakwe. Akaniokoa, kwa akili yake.

Na hivi, je, mimi nilikuwa nimeshaisema? Nimejiuliza tangu jana. Sikuwa nimeisema. Nilikuwa nimesahau. Akili yangu yote ilikuwa kwenye sahani za wageni.

Tulishuka. Garini Khamis alikuwa amenywea kama mtoto aliyevunja kikombe cha mgeni. Nilipitia buchani nikanunua mbuzi.

Leo wamekuja. Bwana Yusuf kwa kanzu na koti, wamama na mabakuli ya haluwa, kijana mwenyewe hajui aweke wapi mikono. Posa ikasomwa, tukaitikia, machozi kidogo, alhamdulillahi. Tukala. Na Bwana Yusuf, kwa upole uleule niliokuwa nikiuogopa, akauliza: haya, huyu ndiye kulungu?

Rahma akatazama sahani yake.

Kabla sijafungua mdomo Khamis akadakia. Akasema kulungu alikuja, tena dume la kutisha, akasimama mbele yetu kama anapigwa picha. Lakini shemeji akamkataa. Shemeji mwenyewe akasema, risasi yangu ni ndogo, nitamjeruhi bure, mwache aende zake. Wallahi niliona kwa macho yangu, anasema, mkono kifuani.

Hee, Khamis!

Wote wakanigeukia. Bwana Yusuf akataka kujua, ndogo kivipi? Nami nikaeleza. Nikaeleza mfupa wa bega, risasi inavyovunjika, mnyama anavyokimbia na jeraha, sheria inavyosema. Yote kweli, kila neno. Nilieleza vizuri mno. Sauti yangu mwenyewe ilinipendeza.

Bwana Yusuf akaweka kijiko chini. Akasema nyama atakula siku yoyote, lakini leo amejua mwanawe anaoa kwenye nyumba ya namna gani. Wamama wakaitikia mashaallah. Na Rahma akanishika mkono chini ya meza, akauminya, akaninong'oneza: so proud of you, Mum.

Hapo ndipo kilipokaa. Kooni hapa.

Sifa za Bwana Yusuf ningeweza kuzibeba, ni mambo ya wakwe, leo anakusifu kesho anakununia. Ule mkono wa Rahma siuwezi. Mtoto huyu nimemlea peke yangu nikimwambia usiseme uongo, na leo anaingia kwenye ndoa yake akiwa amebeba picha ya mama ambaye hayupo.

Nilipokuwa naosha masufuria naye anafuta, nikamwambia. Sikuzunguka. Nikasema, ningepiga. Kidole kilikuwa kwenye triga. Ami yako alipayuka bismillah, mnyama akakimbia, ndivyo ilivyokuwa. Kila nilichokieleza mezani nilikuwa nakijua jana vilevile, na ningepiga vilevile.

Rahma alifuta sufuria moja kwa muda mrefu. Nikajua anakasirika, mimi na yeye tunakasirika namna moja. Halafu akaniuliza kwa Kiswahili, yeye ambaye nikimsalimia ananijibu hi: "Kwa sababu yangu?"

Nikataka kusema hapana. Nikasema, "Kwa sababu ya aibu yangu. Wewe nilikufanya kisingizio."

Akacheka kidogo, pua imejaa. Akasema kwa hiyo ami Khamis ametudanganya sote kwenye posa yangu? Nikasema ndiyo, na mimi nikaupokea uongo wake. Akasema atamwambia mchumba wake leo leo, hawezi kuanza na uongo wa kulungu. Nikamwambia mwambie. Akauliza, na Bwana Yusuf akijua? Nikasema, ajue. Nilisema hivyo kwa ushujaa, ila sufuria iliyokwisha takata nikaiosha tena.

Akanibusu bega, lile bovu, akaenda zake juu na simu sikioni. Sasa hivi namsikia anaongea. Mara kimya. Mara kicheko, kirefu, cha watu wawili. Sijui wanamcheka kulungu au wananicheka mimi.

Hivyo swali la klabuni, kama risasi ndogo inafaa kwa kulungu, nimelijibu mara nyingi na jibu langu halijabadilika. Haifai. Nilichokuwa sijui ni kwamba mtu anaweza kuwa na jibu sahihi mdomoni na kidole kikawa na jibu lake. Nitaendelea kwenda kwa paa wangu, bega likikubali. Siku nikiwa na wageni wa kuwaridhisha, bunduki itabaki kabatini.

Simu imelia nikiandika hapa. Ujumbe wa Khamis kutoka Stratford: "Shemeji, nisamehe kwa jana, nilikuharibia. Siku nyingine bismillah nitaisema moyoni."

Nimemjibu: "Usithubutu. Iseme vilevile, kwa sauti."