Aibu Alikataa Kiti cha Mdachi

Kilwa Kivinje, Alhamisi, mwezi wa Rajabu. Kusi imepoa, jua zuri la kuanika, na naandika kwa furaha mpaka wino unamwagika.

Nina sauti! Sasa hivi nimemwita paka bila sababu, nijisikie tu.

Siku ishirini na mbili nimekuwa mtu wa kunong'ona. Koo liliziba, hata uji ulipita kwa taabu. Watu walisema ni vita: bunduki za bara, vijiji vilivyochomwa, njaa inayowashusha watu pwani wakiwa mifupa mitupu. Mume wangu Shomari akamleta Bi Tatu, fundi wa pepo.

Bi Tatu hana pupa ya kufukuza pepo. Kwake yeye kila kinachomkaba mtu kina uso. Hasira ni mtu, huzuni ni mtu, hofu ni mtu, kila mmoja ana jina lake na chakula chake, na akiingia atunzwe kama mgeni. Akanifukiza ubani, akanifunika shuka, akaniambia nimtazame aliyemo ndani yangu, kisha nimweleze amevaaje.

Nilimwona waziwazi. Bibi kizee wa bara, amejifunga kaniki kuukuu, amekaa kizingitini amenipa mgongo.

Nikanong'ona: mwanamume, Mdachi, ana buti na kofia.

Nilidanganya.

Nitaandika sababu, maana karatasi haina mdomo. Katika nyumba hii najulikana kuwa mama yangu alikuwa mtu wa kisiwa cha Songo Mnara, muungwana, binti wa mvuvi. Uongo huo niliingia nao siku ya harusi. Marehemu mama alikuwa Mmatumbi wa milima ya bara, aliletwa pwani angali mtoto katika msafara wa watumwa. Baba, huyu aliyenifundisha herufi hizi, alimpa uhuru wake akamwoa. Mama alinisemesha Kimatumbi jikoni tu, mlango ukiwa umefungwa.

Basi siku ishirini na mbili zilizopita mwanamke akapiga hodi. Uso wa mama yangu hasa, ila umekonda. Nilikuwa barazani na mama mkwe, Bi Zuhura, ambaye uungwana wake huingia chumbani kabla yake mwenyewe. Yule mwanamke akasema anamtafuta mtoto wa dada yake, na macho yake yakanikalia mimi.

Nikasema, "Simjui huyu."

Akaomba radhi, akaenda zake. Jioni ile ile sauti ikanitoka.

Sasa turudi leo asubuhi. Kwa ajili ya buti zangu za uongo, uani palitandikwa meza yenye kitambaa cheupe, mayai ya kuchemsha, na kiti cha mikono alichokiazima Shomari kwa Mhindi mwenye duka la nguo. Bi Tatu aliweka hata sabuni, maana pepo wa Kidachi hupenda kunawa. Mji mzima unawaogopa Wadachi, hawa Wajerumani wanaotutawala, nani angenishuku? Watu walijaa mpaka juu ya ukuta.

Ngoma zikalia. Nilikwisha kujipanga: nipige saluti, nifoke maneno mawili matatu, tumalize. Mwili haukunisikiliza. Nilikipita kile kiti, nikaketi vumbini, nikawapa watu mgongo, na mdomo ukafunguka kwa Kimatumbi.

Wenye pepo husema hawakumbuki kitu. Mimi nakumbuka kila neno. Yule bibi alisema: mimi ni Aibu. Mtoto huyu ameniweka kizingitini tangu alipoolewa. Mama yake ni mtu wetu wa milimani, na ndugu ya mama yake alipokuja na njaa, alimkana mbele ya watu.

Bi Tatu hakuelewa hata nusu. Akageuka huku na huku. "Nani hapa anajua Kimatumbi?"

Nyuma kabisa mtu akajibu, "Mimi, bibi."

Alikuwa yeye, yule mwanamke aliyepiga hodi! Kumbe hakuondoka mjini, alikuwa akitwanga katika nyumba za watu apate kula, na ngoma haimbagui mtu. Akapenya katikati, akachutama karibu yangu. Nikasema moyoni, leo nimekwisha. Alikuwa amesikia yote, na haki ya kuyasema alikuwa nayo.

Akasema, "Anasema ana njaa. Anataka ugali wa mtama na mboga ya kunde, basi."

Basi!

Amenisitiri, mtu niliyemkana. Bi Zuhura alikwisha kuagiza unga wa mtama, mambo yakiwa yamepita salama, na ningeweza kunyamaza. Wallahi nilifikiria kunyamaza. Lakini nikasimama, na sauti iliyotoka ilikuwa yangu mwenyewe, kubwa mpaka wapigaji wakaacha ngoma.

"Hakutafsiri yote. Huyu ni mama yangu mdogo. Na mama yangu hakuwa mtu wa Songo Mnara."

Siandiki kwamba watu walishangilia. Wengi waliondoka midomo ikiwacheza. Bi Zuhura aliingia chumbani, na mpaka sasa hajatoka. Shomari alikuwa amekishika kile kiti tayari kukirudisha dukani. Akanitazama, akamtazama mama mdogo, akakiweka nyuma yake. "Kaa, mama," akasema. Ningempa moyo wangu mara ya pili kama sikuwa nimekwisha kumpa.

Mama mdogo akaketi kwenye kiti cha Mdachi akala mayai yote manne.

Bi Tatu anasema Aibu si wa kutolewa. Kila Alhamisi nimpikie ugali wa mtama, niketi naye, nimwite kwa jina. Nimekubali. Hata sasa nikifumba macho namwona, ila amegeuka. Ana uso wa kawaida kabisa, na mimi nilimwogopa miaka yote hii!

Bi Zuhura atatoka na neno gani, sijui. Huenda likawa neno la kunirudisha kwetu. Lakini liko jambo moja nimeliamua. Katika nyumba hii watu wa bara ndio hutuamkia sisi, hata wazee wao. Kesho asubuhi, wanawake wa mtaa wakiwa wamejaa kisimani, mama mdogo akitoka kunawa uso, nitampigia goti mbele yao wote nimwambie shikamoo, kwa sauti yote niliyorudishiwa.