Usile Tena Katoni Yangu

Muscat,
Jumapili mchana

Kwa Mama mpendwa,

Habari ya huko nyumbani? Baridi ya asubuhi bado inakushika kifua? Ng'ombe amezaa ama bado mnangoja? Mimi ni mzima, nakula, nalala, kazi naifanya. Lakini moyo wangu hautulii, na sitakudanganya kwamba umetulia.

Nimeandika barua kwa sababu kwa simu unanishinda. Nikikuuliza mguu unaendeleaje unasema, "Uko sawa, wacha kujisumbua," halafu unampa kaka Mwenda simu tuongee mambo ya mvua. Karatasi huwezi kuikatiza. Nimeiandika kwa Kiswahili maana Kimeru nakiongea tu, kukiandika mkono unakataa. Dada Kendi atakusomea, na ukikwama akugeuzie kwa Kimeru. Aliyeileta ni Wanja, yule rafiki yangu wa kutoka Embu niliyekuambia tunafanya kazi mtaa mmoja. Anakuja likizo. Mpe chai na ndizi ya kuchemsha, haki usimpe soda.

Mama, wiki tatu zilizopita Kendi alinitumia picha ya siku ile akina mama wa kanisa walikuja kukuombea. Nilifurahi kuwaona wote wamekaa kwa sebule yetu. Halafu nikaangalia meza. Mkate mweupe, majarini, soseji, juisi ile ya unga kwa jagi, chupa za soda. Nyuma yenu, kwa kabati ya vioo, katoni zangu zimepangwa vizuri kama vyombo vya harusi. Nikaendelea kuangalia, ndipo nikaona mguu wako chini ya meza. Umefungwa bendeji, na ndara umeikata mbele ili uingie.

Nikampigia Kendi saa hiyo hiyo.

"Kendi, huo mguu umefanya nini?"

"Si ni ile kidonda ya kidole. Alijigonga kwa jiwe akienda mtoni."

"Hiyo si ni ya kabla ya Krismasi?"

"Ni hiyo hiyo. Imekataa kupona. Kliniki walimpima, wakasema sukari iko juu sana."

"Na anakula nini?"

"Gakii, usinikasirikie. Anakula katoni yako."

Huyo mkosaji ninamjua, ni mimi. Ni mimi niliyepata mshahara wa kwanza nikakubaliana na mwenye duka pale Nkubu kwamba kila mwisho wa mwezi akuletee katoni imejaa. Tambi za pakiti, nyama ya mkebe, biskuti, supu ya unga, mkate. Nilitaka majirani waone pikipiki ikikata kona kuingia kwetu, waseme mama Gakii ana mtoto. Na unakumbuka ile siku uliinua simu ya video nikakuona umeinama ukichuma mboga ya terere nyuma ya jikoni? Nilikwambia, "Mama, mpaka lini utakula majani kama mbuzi, na mimi niko Uarabuni?" Ulicheka. Mimi pia nilicheka. Wiki iliyofuata ukampa Mwenda kile kipande cha shamba la mboga, akapanda ndizi mpaka mlango wa jikoni.

Sasa Kendi ananiambia ndizi zote zinapanda lori la soko la Mitunguu. Maziwa yote yanaenda kwa deri. Mayai yanaenda kwa hoteli ya Nkubu. Nduma za kule mtoni zinangojwa na wanunuzi kabla hazijatoka kwa matope. Shamba letu linalisha Nairobi, na mwenye shamba anakula kwa pakiti. Na aliyekuaibisha ukaacha chakula chako ni mtoto wako wa kuzaa. Nisamehe, Mama.

Lakini lililonikalisha chini ni hili. Nilimgombeza Kendi, nikamuuliza kwa nini hakupikii. Akaanza kulia. Akasema, "Nimempikia terere mara ngapi? Anasukuma sahani. Anasema chakula kikitoka kwa mtoto na mzazi asikile, baraka zinakwama njiani. Anasema wasichana wanarudishwa kutoka huko ndani ya sanduku, na wewe hujarudi hivyo kwa sababu yeye anakula. Hata akishiba anamaliza."

Woi, Mama. Nilikuwa nimebeba nguo za kuanika, nikakaa nazo sakafuni. Kumbe siku zote hizo unakula kwa ajili yangu? Kila biskuti unayotafuna unanilinda? Mimi huku nakuogopea, wewe huko unaniogopea, na katikati kidole kinaoza.

Sijawahi kukueleza vizuri kuhusu mama mzee ninayemtunza hapa. Nilikwambia tu ni mgonjwa. Ukweli ni kwamba ana mguu mmoja. Binti yake aliniambia ilianza na kidonda kidogo cha kidole, akawa anasema kitapona. Ni nyumba ya watu wenye uwezo, friji mbili, na zote zimejaa vitu vya maboksi na vinywaji vya sukari. Mimi ndiye ninamwosha pale mguu ulipoishia. Kuna asubuhi ananiita, "Njoo unikune kidole," na kidole hakipo. Mwanzoni nilikuwa nasimama tu kama mjinga. Siku hizi nakuna shuka pale kidole kingekuwa, naye ananishukuru. Tangu nione ile picha, kila nikikuna shuka naona mguu wako. Naogopa, Mama.

Sisemi katoni peke yake ndiyo ilikuletea ugonjwa. Daktari ndiye anajua, na dawa alizokupa uzimeze zote, usiwe unaruka siku kwa kuwa unajisikia vizuri. Lakini aliwaambia kwa mdomo wake, na Kendi alikuwa hapo, kwamba uache soda, mkate mweupe na vitu vya pakiti, urudie chakula cha shamba. Ukamwitikia, "Ndiyo, daktari," ukarudi nyumbani ukafungua katoni. Ninakujua.

Kwa hivyo nimempigia mwenye duka, nikamwambia asilete tena. Alibishana nami kama wakili! "Lakini Gakii, mama yako ni kastoma wangu mzuri, mbona unamnyima?" Nikamwambia akikuletea hata biskuti moja, nikirudi nitamfuata hapo dukani watu wakiona. Alicheka, lakini alinisikia. Zile zilizo kwa kabati zitoke, na wasipewe watoto wa Kendi, nao wana miguu.

Nimeongea na Mwenda pia. Ule mstari wa ndizi karibu na jikoni ataung'oa, arudishe terere, managu na kunde. Mbegu amenunua kwa pesa nilizomtumia, na mbolea iko kwa boma. Kabla maziwa hayajaenda deri, ya nyumbani yabaki kwanza. Mayai vilevile. Nduma na ndizi muulize kliniki ule kiasi gani, usijipimie mwenyewe. Uji wa wimbi unywe bila sukari. Wewe ndiye ulikuwa unatucheka, ukisema uji wa sukari ni wa watoto.

Nisalimie kaka Mwenda, umwambie asing'oe ndizi kwa mdomo tu, nataka picha. Nisalimie shangazi anayeuza mitumba kule Majengo, na baba mdogo mwalimu, ambaye najua ataikosoa hii barua yangu kwa kalamu nyekundu. Akina mama wa kanisa uwaambie asante kwa maombi, na wakija tena wabebe mboga, waache mkate. Wajukuu wako wote uwashike kichwa kwa niaba yangu.

Sasa Kendi, hapa soma polepole, na umwangalie machoni.

Mama, mimi ni binti wa pili, na kwa desturi yetu nilipewa jina la mama yako. Tangu nizaliwe, tukiwa wawili, hujaniita Gakii. Unaniita mama. Nilipokuwa mtoto nikikosea, ulikuwa unamtuma baba anichape, eti wewe huwezi kumwinulia mama yako mkono. Nilipoondoka kuja huku ulinitemea mate kifuani kunibariki, na papo hapo ukasema, "Nenda salama, mama." Basi leo ni mama yako anaongea nawe, na hajawahi kukuamuru kitu mpaka leo.

Mama hangoji baraka kutoka kwa mtoto wake. Mama ndiye anabariki. Nimetema mate kwa kiganja nikakipangusa hapa chini ya karatasi, pale wino umetapakaa. Kendi, mwekee mkono hapo. Umeweka? Basi baraka zimepita, hakuna kilichokwama njiani, na mimi sitakufa kwa sababu umekataa biskuti.

Mtoto wangu, kula mboga. Kesho asubuhi uende kliniki, uwaonyeshe huo mguu.

Ni mimi, mama yako,
Gakii