Gari la Kwenda Kanisani Tu

Jumapili

Eti mimi ndiye niliyetia maji kwenye injini, kwa kuwa ndiye ninayeliosha gari! Mume wangu kafungua mfuniko wa oili, kakuta utando mweupe kama maziwa, kanigeukia mimi. Hongera zake.

Ikabidi tumwite shemeji, mdogo wake, ambaye ni fundi.

"Kaka, huwa unakwenda nalo wapi?"

"Kanisani tu, hapo juu. Nalitunza."

"Ndiyo unaliua hivyo. Injini haipati moto, na kwa baridi ya Mbulu unyevu unabaki humo kwenye oili. Badilisha oili, halafu uwe unalipeleka mbali."

Mama yangu anaumwa Katesh. Kila nikiomba twende, naambiwa gari litachoka.

Kesho tunakwenda. Kwa ajili ya afya ya gari.