Isfahan kwa Vipande

Jumatatu, 10 Oktoba 2011
Duka kimya. Mvua. Nimefuta vumbi, nimepanga ramani, nimerudi kwenye kile kitabu cha Uajemi. Mzungu mmoja alisafiri huko karne tatu zilizopita, akachora miji, akarudi kuichapisha. Picha ya mji wa Isfahan inakunjuliwa mara tatu, inajaza meza. Juu ya kila jengo kuna herufi ndogo, na ukurasa wa pili unaeleza: A msikiti, B soko, C kasri. Bosi anataka kukikata, auze picha moja moja kwenye fremu. Ndiyo biashara yetu. Maandishi huishia kwenye pipa.

Nimemwomba asubiri. Maktaba moja ya hapa Brussels inakitaka kizima, itajibu Ijumaa. Kakubali huku kanuna.

Jumatano, 12 Oktoba
Sijalala vizuri. Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Bila mkataba, hakuna kibali cha kuishi, narudi Tanga mikono mitupu. Halafu najitia kimbelembele kwa kitabu cha mtu. Lakini nimekipenda. Basi.

Alhamisi, 13 Oktoba
Kaja mwenye mgahawa, anatafuta mapambo ya ukutani. Kaipenda Isfahan. Bosi kaniita, kanipa kisu. Nikasema tungoje kesho, tuliahidi. Akasema basi na mkataba wangu ungoje. Kacheka. Mteja naye kacheka.

Maman Odette wa Lubumbashi, fundi wetu wa fremu, kaninong'oneza: "Bon, mutoto yangu, kitabu ni ya patron. Ukikatala, ataita muntu mwingine. Alors, utabakia na nini?"

Nikakata. Uzi wa mshono ulikuwa mgumu kuliko mimi. Nimekata picha zote mpaka jioni. Nawachukia wote wawili, bosi na mteja, na mimi mwenyewe wa tatu.

Ijumaa, 14 Oktoba
Maktaba wamekubali. Bwana wao kaja mwenyewe, furaha tele usoni. Bosi kajifanya ana simu, kaniachia mimi. Nikampa jalada tupu. Kalifungua, kalifunga, kaliweka mezani taratibu. Heri angenitukana. Kanishukuru kwa kujitahidi, katoka. Kwenye tramu ya kurudi nyumbani Schaerbeek nimelia kama mtoto, watu wananitazama.

Jumatano, 19 Oktoba
Mwenye mgahawa kapiga simu. Wageni wake wanauliza zile herufi ni za nini. Bosi kanipa mimi nijibu.

Nikasema ni urembo tu.

Jumatatu, 24 Oktoba
Nimepata mkataba wa kudumu. Maman Odette kaniletea maandazi, kanikumbatia. Mchana bosi kaweka kitabu kingine mezani, cha miji ya Shiraz na Kashan. Sikukisoma. Nilianza kukata kwa nyuma, maana kurasa za mwisho huachia upesi. Kufika saa ya chai ya jioni nilikuwa nimemaliza.