Mtutu Wenye Misuko

4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Habari za huko? Wifi na watoto hawajambo? Kile kikohozi chako cha vumbi la chuma kimepoa? Mimi mzima, ila magoti yamekuwa na kiburi, yanataka kubembelezwa ndipo yanyanyuke.

Nina shida inayohusu kazi yako. Bwana misitu mstaafu, jirani yangu wa nyuma, anauza shotgani ya mitutu miwili. Ni ya zamani. Aliinunua kwa mtu ambaye naye aliinunua kwa mtu. Nguruwe wananimalizia mahindi shambani, na kibali nimeshaomba. Wewe unatengeneza bunduki tangu ulipoacha shule. Niambie, mtu anaijuaje nzima na anaijuaje mbovu?

Cherehani yangu bado iko barazani, inatazamana na bucha. Tangu mahakama iseme hakuna shahidi, mwenye bucha amerudi kazini. Lile pau la chuma alilompigia mwanangu Miluzi mpaka akafa, kwa kumsingizia wizi wa maini, bado analitundikia nyama. Wateja waliokuwa kwenye foleni siku ile bado wanapanga foleni. Wananisalimia vizuri tu.

Dada yako


15 Februari

Shikamoo Dada,

Huku wote wazima. Kitinda mimba wangu ameng'oka meno ya mbele, sasa anapiga miluzi nyumba nzima. Tunamkumbuka sana kaka yake.

Kuhusu bunduki. Kwanza ifungue uhakikishe iko tupu, hata mwenyewe akiapa. Ifunge, uitikise: ikigongagonga kama mlango mbovu, bawaba imelika. Chungulia ndani ya mitutu ukielekeza kwenye mwanga. Iwe kama kioo, isiwe na vishimo vya kutu. Kitako kikiwa na ufa karibu na shingo, jua iliwahi kuanguka au kutumiwa kama rungu. Nimekuwekea risasi bubu mbili, za mbao, hazina baruti. Zitie ndani ujaribu vifyatulio. Mwisho itoe mitutu, itundike kwa uzi, igonge kwa ukucha. Mizima hulia kama kengele. Iliyoachia maungio hulia kama debe.

Ila Dada, shamba si ulimkodisha mwalimu mwaka juzi? Nguruwe hao wanakula mahindi ya nani?

Mdogo wako


1 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mwambie huyo kibogoyo wenu shangazi anamtumia kaptura yenye mifuko minne, maana Miluzi naye katika umri huo alitaka mifuko mingi, halafu anaijaza visoda.

Nilikwenda kwa bwana misitu nikafanya yote uliyosema. Alinicheka, "Mama Miluzi, unanunua bunduki au unapima nguo?" Haigongi. Kitako kina ufa, kimefungwa waya. Ndani kuna madoa machache kama ya chai. Nilipoitundika na kuigonga ililia vizuri, mlio mrefu, mpaka nikakaa chini kidogo.

Na kitu kimoja hukuniambia: ilivyo nzuri! Mitutu yote miwili imejaa michirizi inayojizungusha kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kama nywele zilizosukwa. Sijawahi kuona chuma kilichopambwa hivyo.

Nimetoa ahadi ya bei. Tatizo, mwenye bucha naye anaitaka, na mimi nimempandishia bei. Nijibu upesi jambo moja. Shabaha ikiwa umbali wa upana wa barabara, marisau, zile punje za risasi, hutawanyika kiasi gani? Nisingependa yamguse aliyesimama pembeni.

Dada yako


9 Machi

Shikamoo Dada,

Hatujambo, na salamu nazifupisha makusudi.

USIINUNUE. Michirizi hiyo si pambo. Zamani mitutu ilitengenezwa kwa kusokota tepe za chuma na kuzifua pamoja mpaka zishikane. Kutu huingia katikati ya misuko, mahali ambapo jicho halifiki na ukucha hausikii. Na baruti ya siku hizi ina nguvu kuliko ile ya wakati huo. Inaweza kulia kama kengele leo, kesho ikafunguka kama ganda la ndizi. Mtu aliwahi kuingia hapa karakanani ameubeba mkono wake wa kushoto kwenye taulo. Alidhani sisi tunaweza kumtengenezea bunduki kwanza.

Hata ingekuwa mpya ningekukataza. Nguruwe wako nimemjua, Dada. Anavaa aproni. Ukimpiga, utafia gerezani, na kaburi la Miluzi atalipalilia nani?

Mwambie bwana misitu asimuuzie mtu yeyote.

Mdogo wako


2 Aprili

Dada,

Hujanijibu. Dereva anayeleta mizigo karakanani amesema bunduki imempasukia mtu mtaani kwenu. Hajui ni nani, mwanamume au mwanamke.

Niandikie. Hata kwa mkono mwingine.

Mdogo wako


11 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Nisamehe. Mikono yangu yote ipo. Wifi na watoto nawasalimu.

Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaenda kwa bwana misitu. Nikamkuta mwenye bucha ameshika bunduki, watu wamejaa uani. Nikasema kwa sauti, kila mtu akasikia: "Usiinunue. Mdogo wangu ni fundi, amesema itapasuka."

Akacheka. "Mama Miluzi! Juzi unanipandishia bei, leo imekuwa mbovu? Cherehani imekushinda, sasa umekuwa dalali?" Watu wakaangua kicheko. Bwana misitu akaniambia nisimharibie biashara. Akainunua.

Wiki ile ile, mchana, aliwatokea nayo mbwa waliokuja kwenye mifupa nyuma ya bucha, akafyatua. Mlipuko ulitikisa sindano ya cherehani. Akaja barabarani akitembea, mdomo wazi. Mkono wa kushoto ulikuwa umebaki kidole gumba na vipande vya nyama. Kipande cha chuma kilikuwa shingoni, na kila moyo wake ulipodunda damu iliruka mpaka kwenye kaunta yake. Foleni yote ilikimbia. Mimi ndiye niliyekuwa na vitambaa.

Nilimlaza barazani kwangu. Nikafunga mkono kwa futi yangu ya kupimia, nikaikaza kwa mkasi. Shingo nikaikandamiza kwa gauni la mteja, likalowa, nikachukua lingine. Nilikandamiza kwa nguvu zangu zote, mdogo wangu. Hilo naliapa. Akaniangalia, akasema, "Mama, uliniambia." Akarudia. Halafu miguu ikapiga sakafu, ikatulia.

Watu walirudi wakasikia maneno yale. Sasa mtaa mzima unanisifu. Wanasema nina moyo, nimemuonya aliyeniulia mtoto.

Lakini mimi na wewe tumeleana, sitakudanganya. Nilimwambia nikijua hataniamini. Njiani niliyapanga maneno: niseme mbele za watu, ili aone haya kurudi nyuma. Aliyeweza kumzuia ni mkewe. Ni mteja wangu, mama mpole, na mumewe alikuwa anamsikiliza. Jioni ya siku ile bunduki iliponunuliwa alikuja nimpime gauni. Akaniuliza, "Eti bunduki ile ina ubaya?" Nilikuwa nimebana pini mdomoni. Nikatikisa kichwa tu, akaelewa alivyotaka kuelewa. Ningeweza kuzitema.

Nakurudishia risasi zako za mbao. Moja ina doa, samahani, siku ile zilikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu.

Jana mke wake ameniletea kitambaa cheusi. Amenishika mikono, akanishukuru kwa kumhangaikia mumewe. Vipimo vyake ninavyo tangu lile gauni, lakini nimempima upya, kwa futi mpya.

Amepungua sana.

Dada yako