Kidonge cha Kubandika Shavuni

Jumatatu, 5 Februari 1979. Kijijini Keza.
Sijamwambia mtu. Jana kwenye misa niliomba Bibi afe. Niliomba kwa maneno hayo hayo. Nimechoka kumsikia akilia. Uvimbe umeziba koo, anachomeza kinarudi. Tunamlowesha midomo kwa kitambaa, matone machache yanapita.

Leo tena zahanati ya misheni. Sista Modesta, mtengeneza dawa, ananibandika vidonge vitupu, visivyo na dawa, ndani ya shavu. Kikipatikana kinachoshika, atatia mofini, dawa ya kutuliza maumivu, kwa ajili ya Bibi. Sindano zimekwisha, na magari yote yamekwenda vitani. Anasema ngozi ya ndani ya shavu ni nyembamba, dawa itapenya hadi kwenye damu bila kumezwa. Alinichagua mimi kwa sababu siongei.

Kidonge cha wanga wa muhogo. Kiliteleza kabla sijakaa.

Jumatano, 7 Februari.
Cha gundi ya mgunga. Kimeshika mno. Kukitoa, kimeondoka na ngozi. Damu. Sista aliniomba radhi, akabandika kingine shavu la pili, nitembee nacho.

Njiani nikakutana na Mzee Baltazari, kaka yake Bibi. Nilipiga goti, shikamoo haikutoka.

"Kidato cha nne kimekula ulimi?" akauliza. Waliokuwa naye wakacheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Alhamisi, 8 Februari.
Sikwenda. Mashavu yamevimba. Zamu yetu shamba la kijiji, kupalilia. Bibi analia. Mama hasemi na mtu.

Ijumaa, 9 Februari.
Unga wa mlenda, gundi kidogo tu. Kilishika asubuhi hadi kengele ya mchana. Kiliyeyuka polepole, hakikuuma. Sista alipiga makofi. Mimi niliangalia chini, lakini nilifurahi sana.

Jumamosi, 10 Februari.
Sista alikuja nyumbani na vidonge vyenye dawa. Cha kwanza kilianguka. Cha pili kikaanguka. Mofini iliyobaki ni kidogo. Mama alitoka nje akakaa nyuma ya nyumba, migombani. Nimemkasirikia Mungu. Halafu nimeogopa.

Jumapili, 11 Februari.
Misani sikuomba chochote. Niliwaza juu ya mate. Mimi ninayo. Mdomo wa Bibi umekauka kama gome la mti, na mlenda haunati mpaka ulowe.

Nilimsubiri Sista mlangoni. Nikaanza kusema mimi. Nikamweleza juu ya mate. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nilipima kwenye mdomo wa msichana mzima. Kosa langu hilo."

Jumatatu, 12 Februari.
Nimeshinda bila maji, mdomo ukauke kama wa Bibi. Nimepalilia juani mpaka ulimi ukagandana na kaakaa. Sista akalowesha shavu kwa pamba, akabandika. Kimeshika. Kichwa kinaniuma. Nimechoka hata kuandika.

Jumanne, 13 Februari.
Kimeshika kwa Bibi. Kilio kilipungua, kisha kikaisha. Mama alilala mchana mkekani, viatu miguuni.

Jumatano, 14 Februari.
Akiwa na kidonge Bibi anatakiwa kunyamaza. Mama alipokwenda kuchota maji, Bibi aliingiza kidole mdomoni, akabandua kidonge, akakishika kiganjani. Akaniita karibu.

"Maumivu nimeyazoea," alisema, sauti ya kukwaruza. "Kunyamaza sijazoea."

Alinisimulia kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, juu ya wifi yake mchoyo, aliyekuwa akificha maharage uvunguni akisikia wageni wanapiga hodi. Nilicheka. Jasho likaanza kumtoka. Nikamwambia tukirudishe.

"Bado. Sijamaliza kumsema."

Nikangoja, nimemshika mkono. Alipomaliza alifungua mdomo mwenyewe. Nikamlowesha shavu, nikakibandika, nikakibana kwa kidole mpaka kikashika. Akalala.

Sista nitamwambia, anahitaji kujua kilikaa muda gani. Mama hapana. Mama akijua atamfunga mikono kwa kanga. Kesho Bibi anataka kumsema shemeji yake.

Wewe utakayeokota daftari hili, tafadhali, Mama asijue.