Safu ya Dawa Alizopewa

Jumamosi, 13 Januari 1996

Siku ya pili ya vidonge. Daktari wa Dodoma aliandika kimoja kwa siku, kwa siku tano. Mimi nameza viwili. Munira wa duka la dawa ndiye aliyenishauri — eti binamu yake wa Kondoa alimeza viwili viwili, na sasa ana mtoto mgongoni. Ndiye aliyeniongezea pakiti. Miaka saba ya ndoa, sina subira ya kimoja kimoja.

Naandika humu kwenye daftari la kazini lililobaki, lile la uhimilishaji, la kupandikiza ng'ombe mbegu. Safu zilishapigwa mstari: tarehe, dawa alizopewa, matokeo. Hapa kituo cha mifugo Mpwapwa, ng'ombe akipandishwa mara tatu asishike, tunamwondoa kundini. Sitaki kulifikiria jambo hilo. Nalifikiria kila siku.

Mama mkwe amekuja toka Kongwa na mizizi yake. Anaichemsha mwenyewe, asubuhi na jioni, na kunisimamia ninywe. Akigeuka tu, naimwaga kwenye mpapai dume nyuma ya jiko, kisha narudisha kikombe huku nimekunja uso. Habari za vidonge hazijui. Kwake yeye, mwanamke anayemeza dawa za hospitali ili ashike mimba amekwisha kukiri kuwa ni tasa. Hata Msafiri sijamwambia. Mume wangu mtu mwema, ila kwa mama yake hawezi kuficha hata homa.

Jumanne, 13 Februari

Siku zangu zimechelewa, leo ya saba! Asubuhi nimetapika kando ya hori la ndama. Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Mama mkwe ameona kabla sijafungua mdomo. Akaketi mkekani, akalia kidogo, kisha akasema mizizi ya marehemu mama yake haijawahi kumwangusha. Hataki mtu aambiwe mpaka tumbo lijiseme lenyewe. Nikamwitikia: ndiyo, Mama, ni mizizi. Uongo mdogo, haumdhuru mtu.

Jumatatu, 26 Februari

Maumivu chini ya kitovu, upande wa kushoto. Siku ya tatu sasa. Si makali, ila yana kiburi, hayaondoki.

Basi la alfajiri hadi Dodoma, Mama kaniganda. Kwa yule daktari wa vidonge sikwenda — angenitaja vidonge mbele ya Mama. Tumeingia kliniki nyingine ya binafsi, mpya, yenye mashine ya picha.

Nimemwona. Punje ya maharage, katikati yake kitu kinapepesa. Huo ndio moyo, daktari akasema. Mama akaziba mdomo kwa kanga.

Kisha daktari akauliza kama nilitumia dawa yoyote ya kupata mimba. Mama yuko hapo hapo, bega kwa bega. Nikasema hapana. Basi, akasema, mimba iko mahali pake, maumivu ya namna hiyo ni kawaida, kizazi kinajinyoosha. Akafunga faili.

Moyo wa mwanangu nimeuona. Mengine nitayavumilia.

Alhamisi, 29 Februari

Nimeshindwa kuinama. Mama anasema chango. Mizizi mingine tena. Mpapai unakunywa kuliko mimi.

Leo mfugaji mmoja kaleta mtamba mgonjwa, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Nikamuuliza alimpa nini kabla ya kuja kwetu. Hakuna kitu, mama, akajibu. Nikamkazia macho mpaka akatema: alimdunga sindano aliyoinunua mnadani, dozi ya dume zima. Nikamfokea mbele za watu — tutamtibuje mnyama ikiwa unatuficha alichopewa? Akainamisha kichwa.

Nimerudi mezani kuandika, nikabaki nimeitazama ile safu. Dawa alizopewa. Aibu ikanipanda mpaka masikioni. Kesho nitamwambia Mama, kisha nitarudi kwa daktari. Kesho kweli.

Jumamosi, 2 Machi

Naandika nimelala. Mkono mzito.

Jana sikumwambia. Leo asubuhi nimeanguka jikoni. Tumbo limekaza, na bega linauma — bega, jamani, sijabeba kitu! Landrova ya kituo ikatukimbiza hospitali ya misheni. Kila shimo la barabara nimelitafuna kwa meno.

Daktari Evarista, mtu mzima, sauti ya chini. Akapima kwa mashine. Mtoto yuko kizazini, moyo unapiga. Lakini kuna damu tumboni, na haoni sababu ya damu hiyo. Akauliza swali lile lile. Mama alikuwa amenishika mguu.

Nikasema. Nilimeza vidonge, Daktari. Viwili badala ya kimoja. Nikatoa daftari hili mkobani, nikampa ukurasa wa Januari. Hakuna mtu aliyewahi kulisoma. Akasoma mpaka mwisho wa ukurasa, akaniangalia, akamwangalia na Mama.

Mama akauachia mguu wangu. Akatoka nje.

Daktari akanieleza. Vile vidonge hukomaza mayai, na mimi nilijizidishia. Mawili yameshika. Moja limekaa kizazini, la pili limekwama kwenye mrija wa uzazi, na mrija umeanza kupasuka. Mimba mbili namna hiyo kwa pamoja ni nadra mno, yeye amezisoma vitabuni tu. Ukishaona mtoto kizazini, anasema, hutafuti mwingine nje. Labda uambiwe habari za vidonge.

Lazima nipasuliwe sasa hivi. Daktari mwenzake anaona watoe mimba zote mbili, ndiyo salama kwangu. Nikasema hapana. Mtoeni aliyekwama. Huyu wa ndani muacheni. Daktari Evarista amesema inawezekana, atajitahidi, ila haahidi. Sikumwomba ahadi.

Msafiri yuko kazini ranchi, simu haiiti. Muuguzi akauliza nani atamtilia mgonjwa sahihi. Nimeitia mwenyewe, jina zima, Loisi.

Kundi langu la damu ni O. Jokofuni iko chupa moja tu ya damu. Naogopa. Siogopi kisu. Naogopa kuamka nikiwa mtupu, na Mama ameshapanda basi la kwao.

Mama amerudi.

Pamba imebanwa ndani ya kiwiko, kanga imekazwa kiunoni. Amenitolea damu. Akaketi bila kuniangalia. Nikasema nisamehe, Mama. Akauliza, ikiwa nilikuwa na vidonge vyangu, mizizi nilikuwa naimwaga wapi.

"Kwenye mpapai, nyuma ya jiko."

"Mpapai ule ni dume," akasema. "Na umezaa. Juzi nimehesabu matatu, nikajiuliza kulikoni."

Sikujua nicheke au nilie. Kucheka kunauma, nikalia. Akaweka mkono wenye pamba juu ya tumbo langu, upande wa kulia, asije akaniumiza. Huyu atakaa, akasema, ana damu yangu sasa pande zote mbili.

Nasikia magurudumu ya kitanda ukumbini. Dawa alizopewa nimezijaza zote, hata mizizi. Safu ya matokeo naiacha wazi, nitaijaza mwenyewe. Mama amenyoosha mkono anataka kalamu anishikie, nimemwambia asubiri kido—